Wazee Wasiokohoa

Kazi ya Naima ilikuwa kuwatia watu wazima kijiti cha pamba puani. Kwa binti aliyeona haya hata kupiga hodi mara ya pili, hiyo haikuwa kazi ndogo. Aliomba radhi kabla ya kukitia, akaomba radhi kikiwa ndani, na kikishatoka aliomba radhi mpaka kwa mgonjwa wa pili aliyekuwa bado anasubiri zamu yake. Sista Benedicta, muuguzi wa pale, mwanamke wa Rombo mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya korongo, alikuwa akimwambia, "Naima, pua haina kinyongo. Sukuma!"

Zahanati ya mtaa wa Mji Mkavu iko Kiwalani ndani kabisa, huko ambako ndege hupita chini kiasi kwamba mgonjwa akiwa anaeleza panapomuuma hunyamaza kwanza, ndege ipite, ndipo amalizie. Mwezi wa nne, kabla kipupwe hakijaingia, wazee mia tatu na ushee wa mtaa huo, wale wa miaka sitini na kwenda juu waliokubali, walichomwa chanjo ya mafua. Wengine wengi walikataa. Waliokubali, wengi wao walikubali kwa ajili ya Naima. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba na orodha yake, akibisha kwa vidole viwili, akizungumza kwa sauti ya chini mpaka wazee wakalazimika kumsogelea, na mtu ukishamsogelea mtoto wa watu mwenye adabu namna ile, kumkatalia inakuwa vigumu.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa Daktari Albano, mtu mrefu, mpole, aliyekuja kila Ijumaa na kasha la baridi kuchukua sampuli. Yeye ndiye aliyemfundisha Naima mpango ulivyo.

"Kirusi cha mafua kinabadilika kila msimu," alimwambia siku ya kwanza, "kama bibi harusi anavyobadili nguo siku ya shughuli. Ndiyo maana chanjo inachomwa kila mwaka, na ndiyo maana kila mwaka lazima tuulize: hii ya safari hii imefaa kiasi gani? Sasa wewe kila mzee atakayekuja na homa na kikohozi, mpime. Wengine tutakuta wana mafua yenyewe. Wengine ni vikohozi vingine tu. Halafu tunaangalia kila kundi, wangapi walichanjwa. Kama chanjo inafanya kazi, waliochanjwa watakuwa wachache upande wa mafua kuliko upande wa vikohozi vingine. Basi. Kazi yetu ni kulinganisha, hatupo hapa kusifia."

Naima aliandika maneno hayo kwenye daftari lake, akayapigia mstari. Alikuwa amesomea takwimu za afya chuoni, akafaulu vizuri, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza.

Mambo yalianza kwenda mrama wiki ya pili ya upimaji, ingawa siku hiyo hakuna aliyejua kwamba yameanza.

Asubuhi hiyo alikuja Mzee Jamali, mmoja wa waliochanjwa, pua inamtiririka, macho mekundu. Kabla hajafika kwenye benchi, Farida akamwona. Farida alikuwa muuza supu na chapati mbele ya lango la zahanati. Chanjo aliipinga mchana kweupe, na mdomo wake ulifika mbali kuliko harufu ya supu yake.

"Hee! Mzee Jamali! Si wewe uliyechomwa wewe? Mbona unavuja kama bomba la maji la dawasa? Jamani, njooni muone, chanjo imemkubali!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Dada Naima," Farida akaendelea, "mliwachoma nini hawa, maji ya kandoro, yale ya mifuko?"

Mzee Jamali akageuza, akaondoka bila kupimwa. Naima alitabasamu, kwa sababu hakujua la kufanya na uso wake. Kisha akaenda nyuma ya tangi la maji, akalia kimya kimya kwa dakika kama tano, akanawa, akarudi kazini. Aliamini hakuna aliyemwona. Lakini Bi Mwajabu alimwona.

Bi Mwajabu alikuwa mwenye nyumba wake. Naima alizaliwa Msasani, na kwa kuwa Kiwalani ni mbali kwenda na kurudi kila siku, alipanga chumba kwa bibi huyu, mjane wa miaka sitini na nane, mwenye pumu na mwenye kauli. Asubuhi ile Bi Mwajabu alikuja zahanati kuchukua dawa yake ya kuvuta, akapita njia ya nyuma kukwepa foleni, akamkuta mpangaji wake anatikisika mabega nyuma ya tangi. Alirudi nyumbani na dawa yake na fikra zake.

Tangu siku hiyo mambo yakanyooka ajabu. Wazee walikuja, wakapimwa, wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amechanjwa. Wiki ya tatu, hakuna. Ya nne, hakuna. Farida akakosa wa kumzomea, akarudia kuuza supu. Mwisho wa wiki ya sita Naima alijumlisha: wazee arobaini na nane wamepimwa; waliochanjwa, sifuri. Sista Benedicta alimkumbatia mpaka mgongo ukalia. Naima alimwandikia mama yake ujumbe: *Mama, chanjo yetu haijashindwa kwa hata mmoja.*

Ijumaa Daktari Albano alikuja, akakichukua kishikwambi ambamo Naima aliandika majibu, akasoma. Hakutabasamu.

"Sifuri upande wa mafua," alisema taratibu. "Sawa, hapo ningefurahi. Lakini upande huu mwingine, wa vikohozi vya kawaida, napo ni sifuri?"

"Ndiyo, daktari."

"Naima, chanjo hii inazuia mafua. Haizuii vumbi. Haizuii moshi wa mkaa wala sigara ya mzee wa watu. Watu mia tatu, wiki sita, kipupwe hiki, na hakuna hata mmoja aliyekohoa kwa sababu yoyote ile?"

Ndege ikapita. Wote wawili wakasubiri, na katika kusubiri huko Naima akahisi uso unapata joto. Alikuwa amesomea jambo hili hili. Alikuwa amelipigia mstari.

"Si kwamba hawaumwi," Daktari Albano alisema kelele ilipokwisha. "Hawaji. Sijui kwa nini, lakini hawaji. Tumebakiza wiki nne. Wasipoonekana, itabidi Mji Mkavu niuondoe kwenye hesabu. Sitasema chanjo imewafaa, sitasema haikuwafaa. Nitasema hapa hatujui. Na mwakani watakapopanga wapi chanjo ipelekwe, mtaa ambao haujulikani ndio unaorukwa."

Alilisema bila ukali, na hapo ndipo lilipouma zaidi. Naima alimfikiria Bi Mwajabu, ambaye mwaka uliopita mafua yalimshukia kifuani akalazwa siku tisa. Chanjo ya mwaka mmoja haimtoshi mtu wa namna hiyo. Alihitaji ya mwakani, na ya mwaka ule mwingine.

Jumatatu, kabla ya kwenda kazini, Naima alijikaza akapita kijiweni. Ni mahali pa kahawa na drafti, benchi tatu chini ya bati, na mkubwa wa pale alikuwa Mzee Mbwana, mstaafu wa bandarini, kipa wa zamani wa timu ya makuli, mcheshi wa mtaa. Wote waliokaa pale walikuwa kwenye orodha ya waliochanjwa.

"Shikamooni."

"Marahaba, mchumba," alisema Mzee Mbwana. Alimwita mchumba tangu siku ya kwanza, kama mababu wanavyowatania wajukuu. "Leo umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuwajulia hali, babu. Afya zenu?"

"Afya? Chuma!" Akajipiga kifua. Kifua kikatoa mlio kama ngoma iliyolowa, naye akafumba mdomo haraka, macho yakamtoka machozi. Mzee wa pembeni yake alivua kofia akaibana puani. Wa tatu alikuwa ameinamia ubao wa drafti, mabega yanaruka, lakini sauti haitoki.

"Hakuna anayekohoa?"

Wote wakatikisa vichwa. Hakuna aliyethubutu kufungua kinywa.

Naima akashukuru akaondoka. Hakuwa na moyo wa kuwahoji watu wazima. Alipokata kona tu, nyuma yake palilipuka chafya na vikohozi vya kila aina, vizito na vyembamba, kama genereta tatu zimewashwa kwa pamoja. Alisimama. Alitaka kurudi. Miguu ikakataa, ikampeleka kazini.

Siku mbili zilizofuata hakulala vizuri wala hakula vizuri. Jumatano, mnamo saa nne asubuhi, kishikwambi kikaonyesha betri inakwisha, na chaja alikuwa ameisahau chumbani. Akamuaga Sista Benedicta, akarudi mbio nyumbani.

Mlango wa mbele ulikuwa umerudishiwa. Ukumbini kulijaa harufu ya mchaichai na mwarobaini. Akafuata harufu mpaka uani, na hapo akakwama mlangoni.

Uani kulikuwa na vilima saba. Kila kilima kilikuwa blanketi, chini ya kila blanketi mtu, mbele ya kila mtu chungu au sufuria inayofuka mvuke. Zilionekana nyayo tu. Naima aliwatambua kwa kandambili: zile za bluu zilizoshonwa kwa waya ni za Mzee Jamali, zile za ngozi ni za Mzee Mbwana. Kilima kimoja kilikohoa, na vingine vyote vikakiitikia. Katikati yao Bi Mwajabu, khanga kiunoni, alikuwa akipepea jiko la mkaa. Kila alipovuta pumzi, kifua chake kilipiga mluzi.

"We Naima!" Kipepeo kikamponyoka. "Saa hizi? Kazi imekwisha?"

"Nimesahau chaja. Bibi, hawa ni nani?"

"Wageni."

"Wageni wa wapi?"

"Wa mbali."

"Mbali sana, mchumba," ikaitikia sauti kutoka chini ya blanketi. "Sie hata Kiswahili hatukijui."

Blanketi la jirani likaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikampindua mwenyewe, na Mzee Jamali akatokeza kichwa, ameloa jasho, amekamatwa. Mmoja mmoja wakajifunua. Saba. Wote wamechanjwa. Wote wanaumwa.

Bi Mwajabu alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akajifuta uso. "Haya, umeshaona," alisema. "Mie siku ile nilikukuta nyuma ya tangi. Mtoto kaja na adabu zake, anatushika mikono utadhani tumeumbwa kwa mayai, halafu yule muuza supu akuchezee! Nikaenda kwa wenzangu nikawaambia: jamani, mtu akituheshimu tumsitiri. Tukienda pale na makamasi yetu tutamuumbua mwana wa mwenzetu. Anayeumwa aje kwangu, nitamfukiza. Akizidiwa, aende zahanati za Temeke huko, hawamjui. Lakini kwa Naima, hapana."

"Tulikula yamini," alisema Mzee Mbwana.

"Mie juzi nimekwenda mpaka Tandika," alisema Mzee Jamali kwa fahari. "Kwa bajaji. Na homa yangu."

Naima aliwatazama. Hakuna mtu aliyewahi kumpenda kwa gharama kubwa namna ile, na wala hakuna aliyewahi kumharibia kazi kwa ukamilifu namna ile. Watu mia tatu walikuwa wamebana vikohozi vyao wiki nne nzima ili yeye asilie tena.

"Babu Mbwana," alisema hatimaye. "Wewe ulikuwa unadaka."

"Uliza bandari nzima."

"Penati ulidaka ngapi?"

Mzee Mbwana akajikuna shingo. "Nyingine nilidaka. Nyingine... upepo ule wa baharini, unajua tena."

"Kama tungeandika zile ulizodaka tu, na zilizoingia tukazificha?"

"Ningekuwa kipa bora Afrika!"

"Na nani angeamini?"

Mzee akawatazama wenzake. "Waliokuwepo wasingeamini," alikiri. "Na wasiokuwepo wangeuliza, hivi huyu alicheza kweli?"

"Basi ndicho alichouliza daktari Ijumaa." Naima alisikia sauti yake ikipanda na hakuizuia. "Mie sikuwekwa pale kuisifia chanjo. Nimewekwa kuipima. Hakuna chanjo inayozuia kila kikohozi, na hii ya mafua haizuii hata mafua yote. Tunachotafuta ni kujua inapunguza kiasi gani. Nyie mmenipa sifuri. Sifuri hii si sifa, bibi. Wameona ni uongo, ila hawajui nani kaongopa. Tukiendelea hivi wanatuondoa kwenye hesabu, na mwakani chanjo haiji hapa. Mnanisitiri mpaka mnanivua nguo."

Akanyamaza, maana alikuwa hajawahi kusema maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo mbele ya watu. Bi Mwajabu alitaka kujibu, lakini kikohozi kilimtangulia, kirefu, na mwisho wake ulikuwa ule mluzi wa kifua. Naima akapiga magoti, akamshika mgongo.

"Na wewe una siku ngapi?"

"Mbili."

"Bibi!"

"Tatu. Leo ya tatu."

"Simama. Simameni wote. Twende."

Alishangaa walivyosimama.

Ukawa msafara. Mbele Naima, mkono wake umemshika Bi Mwajabu. Nyuma wazee saba wamejitanda mablanketi, bado wanafuka mvuke kama viazi vilivyotoka chunguni. Wanawake walitoka milangoni. Waliobaki kijiweni walipoona viongozi wao wamejisalimisha, wawili wakaacha kahawa wakajiunga nyuma, kisha wakakumbuka kwamba wao hawaumwi, wakarudi.

Farida aliwaona kwa mbali. Aliweka upawa chini, akashika kiuno.

"Ee Mola! Msafara huo! Si ndio wenyewe wa chanjo hao? Imekwenda likizo leo? Dada Naima, umewatoa wapi, au walikuwa stoo?"

Foleni ikacheka. Naima akahisi miguu inataka kumpeleka nyuma ya tangi, inaijua njia. Lakini mkono wa Bi Mwajabu ulikuwa wa moto ndani ya mkono wake, na kuuachia ilikuwa haiwezekani.

"Da Farida," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia. "Da Farida. Hawa wamechanjwa. Na wanaumwa. Umesema kweli."

Kicheko kikapungua. Watu hawakutegemea hilo.

"Sijui bado wanaumwa mafua au kikohozi kingine. Naenda kuwapima nijue. Ikiwa mafua, nitaandika mafua. Jina la mtu sitakupa, ila idadi nitakuletea mwenyewe hapa hapa, mbele ya supu yako."

Farida alimtazama juu mpaka chini kama mtu aliyeonyeshwa noti asiyoijua. Kisha akaokota upawa wake.

"Haya," alisema. "Nakusubiri. Na usinipunguzie hata mmoja."

Ndani, Sista Benedicta alipoona nani wameingia, aliweka mikono kichwani. "Kumbe mpo! Mficha maradhi..."

"Kilio humuumbua," wakaitikia wote kwa pamoja, kama darasa la pili.

Sista alimchukua Bi Mwajabu kwanza, akamwekea mashine ya kupumulia dawa, akamkalia pembeni mpaka mluzi ukapungua. Waliobaki Naima aliwaandika. Mzee Jamali na mwenzake mmoja walikuwa wamepitisha siku kumi tangu waanze kuumwa, kwa hiyo hawakuingia kwenye utafiti, na Mzee Jamali alisononeka sana kwamba homa yake ameiharibia Tandika. Wengine wanne walipimwa. Mzee Mbwana alipotiwa kijiti alisema ameona nyota na baba yake marehemu. Wa saba alikuwa mkewe Mzee Jamali, naye alipimwa bila kupepesa macho. Wa nane akawa Bi Mwajabu, kwa mkono wa Naima mwenyewe.

Majibu yalikuja Jumamosi. Kati ya sita, wawili walikuwa na mafua. Mmoja wao Bi Mwajabu.

Naima alimkuta kitandani, ameegemea mito, anachambua mchele kwenye ungo ili asionekane amelala tu. Akamwambia. Bi Mwajabu aliweka ungo chini.

"Basi nimekuangusha, mwanangu."

"Hujaniangusha. Umehesabiwa."

"Nimechanjwa na mafua yamenipata. Si ndiyo kuanguka huko?"

"Mwaka jana yalipokupata ulilazwa siku ngapi?"

"Tisa."

"Mwaka huu?"

Bi Mwajabu alijitazama, pale juu ya kitanda chake mwenyewe, na ungo wake pembeni. "Sijalazwa."

"Ila siwezi kusema ni kwa sababu ya chanjo," Naima akaongeza haraka, maana alikuwa mkweli mpaka anaudhi. "Mtu mmoja hathibitishi kitu, bibi. Huenda ni ile mashine, huenda ni bahati."

"Wewe huwezi kusema," Bi Mwajabu alijibu, akauchukua tena ungo. "Mie naweza."

Jumatatu asubuhi Naima alikwenda kwa Farida. Alisubiri mteja mmoja ahudumiwe, akasema, "Sita nimewapima. Wawili ni mafua."

"Wawili!" Farida akavuta pumzi ya kutangazia mtaa. Halafu akaiachia bila kuitumia. "Sasa mtu akikiri mwenyewe," alilalamika, "nikamzomee nini?" Akamchotea bakuli la supu, akalisukuma mbele yake kwa hasira.

Amri mpya ya Bi Mwajabu ilisambaa kwa njia ile ile iliyosambaza ya kwanza, na kwa kasi ile ile. Aliyechanjwa akikohoa, zahanati. Asiyekwenda, asimwone tena mlangoni kwake. Wiki hiyo benchi lilijaa. Watu walikuja wakitaja tarehe waliyoanza kuumwa kabla ya kutaja majina yao. Sista Benedicta aliagiza vijiti mara mbili. Naima alipima mpaka mkono ukazoea, akaacha kuhesabu waliochanjwa kwa roho ya mwenye timu, akawahesabu kama alivyofundishwa: huyu huku, huyu kule.

Ijumaa ya mwisho Daktari Albano aliketi na kishikwambi muda mrefu. Waliochanjwa thelathini na mmoja walikuwa wameonekana: kumi wa mafua, ishirini na mmoja wa vikohozi vingine. Upande wa wasiochanjwa, mafua na vikohozi vingine vilikuwa karibu sawa kwa sawa, arobaini na kitu kila upande.

"Nusu," alisema. "Takriban. Aliyechanjwa ana kama nusu ya hatari aliyonayo asiyechanjwa, hatari ya kuumwa mafua hadi kufika hapa. Watu wenu peke yao ni wachache, huenda ni zaidi ya hapo, huenda ni pungufu. Nitawaunganisha na vituo vingine ndipo tutajua vizuri." Akamrudishia kishikwambi. "Lakini mmo, Naima. Mji Mkavu mmo kwenye hesabu."

Jioni ile Naima hakungoja kuitwa. Alikwenda kijiweni akawapa habari akiwa amesimama, mbele ya benchi zote tatu.

"Nusu tu?" aliuliza Mzee Jamali. "Homa yote ile, nusu?"

"Nyamaza wewe," alisema Mzee Mbwana. "Mie nilidaka theluthi na wakanibeba mabegani. Nusu! Mchumba, mwakani niandike wa kwanza."

"Na ile nusu nyingine je?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Hiyo mtaumwa," Naima akajibu, "na mtakuja kwangu." Wakacheka, na yeye akacheka nao.

Baada ya hapo tatizo likageuka. Jumanne iliyofuata, utafiti ukiwa umebakiza siku chache za kufunga vitabu, Mzee Mbwana aliingia zahanati anashikiliwa na watu wawili, anakohoa mpaka kofia imeanguka.

"Kijiti!" alisema kwa shida. "Leteni kijiti!"

Naima akafungua fomu. "Una homa, babu?"

Akatikisa kichwa.

"Umeanza lini kukohoa?"

"Sasa hivi... nikila."

"Ulikuwa unakula nini?"

"Samaki, changu."

Sista Benedicta alishaleta tochi na koleo ndogo. Akamwambia apanue, akachungulia, akavuta. Mwiba ulikuwa mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Mzee Mbwana akavuta pumzi tatu, akafuta machozi, akajiweka sawa kwenye kiti na kuinua pua juu, tayari.

"Haya, mchumba. Pima uandike."

"Babu, huu ni mwiba."

"Nimechanjwa, nimekohoa, nimekuja kwa miguu yangu, mbele ya watu. Mnataka nini tena?"

"Lazima uwe na homa."

Mzee Mbwana alifikiri. Akajigusa shingo kwa kiganja, akajigusa paji la uso, hakuridhika. Basi akaiokota kofia yake, akaenda kukaa kwenye benchi, akakunja mikono, akaisubiri homa.